Kufuatilia, Kudhibiti na Kubadili Mradi: Funzo la Banda Letu la Alizeti

(Mada iliyotolewa na katibu wa kamati ya mradi, siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, hapa Kongwa)



Awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia kuiona siku hii. Miaka kumi si mchezo. Tulipoanza tulikuwa tunakaa chini ya mwarobaini, sanduku letu la bati katikati, funguo tatu kwa watu watatu. Wapo waliopita njiani wakasema, "Hao wanacheza upatu, mvua moja tu watatawanyika." Zimenyesha mvua za miaka kumi, na bado tupo. (Makofi)

Pili, naishukuru kamati ya maandalizi kwa kunipa nafasi ya kusema juu ya ufuatiliaji na udhibiti wa miradi. Nilipoletewa barua nilidhani wamekosea jina. Wengi hapa wanajua kwamba banda letu la alizeti lilipoingia matatani, mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Nikamwendea Mwenyekiti nikamwambia, "Dada, mada hii mpeni mtu mwingine." Akanijibu, "Ndiyo maana tumekupa wewe." Basi sitawasomea kitabu. Nitasema niliyoyaona na niliyoyafanya, mengine ya aibu, ili wadogo zetu waliojiunga juzi wasiyarudie.

MAANA YA MANENO HAYA

Kwanza tuelewane, maana semina nyingi tunatoka na maneno mazito kichwani na daftari tupu mkononi.

Kufuatilia mradi ni kuangalia kazi imefika wapi na fedha imefika wapi, kwa siku iliyopangwa, ukilinganisha na mlivyokubaliana mwanzo. Ni kama mama anayepika wali. Hafunui sufuria kila dakika, lakini pia hasubiri mpaka jirani amwambie kwamba kuna kitu kinaungua.

Kudhibiti ni kuchukua hatua baada ya kuona. Mama aliyesikia harufu ya kuungua akaendelea na mazungumzo, huyo amefuatilia ila hakudhibiti.

Kusimamia mabadiliko ni kuamua kwa utaratibu pale mpango unapolazimika kugeuka. Nani anaamua? Fedha inatoka wapi? Kitu gani kitapungua? Uamuzi unaandikwa wapi?

Sijasema kuzuia mabadiliko. Mradi usiobadilika hata kidogo mimi sijauona. Saruji inapanda bei, mvua inawahi, fundi anaugua. Mpango tunauandika tukiwa kivulini, lakini kazi inafanyika juani. Ninalotaka mtoke nalo leo ni hili moja: badiliko peke yake halivunji mradi. Kinachovunja ni badiliko ambalo hakuna aliyelipigia hesabu na hakuna aliyeliandika.

TULICHORITHI HAPA KONGWA

Sisi watu wa Kongwa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wazee walioketi hapa mbele walisimuliwa na wazazi wao habari za mradi wa karanga. Vijana nao wanapita kwenye ardhi ile ile, wengine bila kujua kilichotokea.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa mmoja wa kampuni ya United Africa Company, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine huku kwetu Afrika ya Mashariki. Ikatumwa tume chini ya John Wakefield, aliyekuwa amewahi kuongoza idara ya kilimo Tanganyika. Mpango uliotoka ulikuwa mkubwa wa kutisha: ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika, nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Gharama ilikisiwa kuwa pauni kama milioni 25. Mwaka 1947 kazi ikaanza hapa Kongwa, bila kutangulizwa shamba la majaribio ambalo lingeonyesha kama jambo lenyewe linawezekana.

Mwaka ule wa kwanza walipanga kusafisha na kupanda ekari 150,000. Mwaka ulipokwisha walikuwa wamefikia ekari 7,500 hivi. Pigeni hesabu wenyewe: katika kila ekari 20 walizopanga, walipata moja. Matrekta mengi yalikuwa yamechakaa kabla hayajafika, yakawa yanaharibika. Vichaka vyetu na mizizi yake vikavunja majembe. Udongo wetu mnaujua, kiangazi unakuwa mgumu kama tofali la kuchoma, karanga iliyomo ndani haing'oki. Na mvua yetu mnaijua pia. Mwenyeji yeyote mwenye jembe angewaambia.

Sasa nauliza: mwisho wa mwaka 1947, ni nani alikuwa bado hajui kwamba makisio yamekosea? Tarakimu zilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu mwenye uwezo wa kusema, "Simameni kwanza, tupange upya." Badala yake mradi uliendelea kupanuka kwenda Urambo na Nachingwea. Hapa Kongwa wakachanganya na alizeti. Mwaka 1948 usimamizi ukahamishwa kutoka kwa kampuni ile kwenda kwenye shirika jipya la serikali yao. Kusini ikajengwa bandari ya Mtwara, na reli kutoka pwani mpaka Nachingwea, kwa ajili ya kubeba karanga ambazo mashambani hazikuwapo. Shabaha ilipunguzwa baadaye, lakini kwa kuchelewa. Hata wakaguzi wa hesabu walieleza kwamba vitabu havikuwa vimewekwa ipasavyo. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango ule, na pauni zaidi ya milioni 36 zikaandikwa hasara. Reli ile ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara ilibaki, na mpaka leo inahudumia mizigo mingine.

Mshike mambo mawili hapo. La kwanza, dalili ilionekana mapema, mwaka wa kwanza tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wale walikuwa na ufa unaopitisha trekta. La pili, walibadili mambo mengi sana, mahali, zao, hata msimamizi. Lakini hawakurudi mapema kuuliza: kwa hali tuliyoiona, lengo letu bado lipo, na fedha iliyobaki inatosha kitu gani?

Tukisikia hayo tunacheka, tunasema wakubwa wale hawakumuuliza mwenyeji. Ni kweli. Lakini kicheko changu mimi kilikatika siku nilipolifungua daftari la banda letu.

YALIYOTUPATA SISI

Ilikuwa mwaka wa sita wa kikundi. Tulikuwa wanachama 30. Kila mavuno tulikuwa tunauza alizeti kwa bei ya chini, kisha tunarudi dukani kununua mafuta kwa bei ya juu. Mkutano mkuu ukaamua tununue mashine ya kukamua. Makisio tuliyopitisha yalikuwa haya:

Nyumba ya mashine: sh. 5,200,000
Mashine na mota yake: sh. 6,500,000
Kuvuta umeme: sh. 1,300,000
Mtaji wa kununua alizeti za kuanzia: sh. 2,000,000
Jumla: sh. 15,000,000

Mtaona hakuna mstari wa dharura. Tuliona mpango umenyooka, tukapiga makofi, tukaimba, tukaenda nyumbani.

Siku ya nne ya kuchimba msingi fundi akaniita. Akasema, "Mama, udongo wa hapa ni mfinyanzi, ukinyesha unavimba, ukikauka unapasuka. Msingi lazima uende chini zaidi." Alisema kweli kabisa. Nikamwambia, "Sawa fundi, endelea." Sh. 480,000.

Wiki iliyofuata wenzetu wawili walikuja kuangalia kazi. Wakasema, "Kwa kuwa msingi uko wazi, si tuongeze chumba kimoja cha kuwekea magunia na mashudu? Kujenga baadaye ni ghali zaidi." Na wao walisema kweli. "Sawa fundi, endelea." Sh. 1,350,000.

Wakati wa kuezeka, mtu akasema upepo wa kwetu utang'oa bati nyembamba, tuchukue nzito. Sh. 270,000. Mwishoni tukaona mlango wa mbao haufai kulinda mashine ya mamilioni, tukaweka wa chuma. Sh. 200,000.

Akina mama, nataka mlione jambo hili vizuri. Hakuna badiliko hata moja hapo lililokuwa la kijinga. Hakuna aliyeiba. Kila moja ukilitazama peke yake utasema, hata mimi ningekubali. Lakini yakijumlishwa manne hayo ni sh. 2,300,000. Nyumba iliyokisiwa sh. 5,200,000 ikafika sh. 7,500,000. Fedha ile ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mtaji wa alizeti, wote, mpaka ukaisha. Na bado zikapungua sh. 300,000.

Hapo ndipo nilipokosea kosa kubwa. Mimi na aliyekuwa mweka hazina tulikubaliana kwa mdomo tuazime sh. 300,000 katika mfuko wa jamii, "tutarudisha wiki ijayo". Mwenye ufunguo wa tatu tulimwambia kamati imeamua. Kamati haikuwa imekaa. Nasema hivi mbele yenu nyote, na mbele ya mgeni rasmi, kwa sababu kufuli tatu hazina maana kama watu watatu wanaaminiana mpaka wanaacha kuulizana.

Wiki ile ile mtoto wa mwenzetu mmoja alishikwa na homa kali usiku. Alfajiri mama yake akaja kuomba msaada wa mfuko wa jamii. Hakuja kuomba sadaka. Ilikuwa haki yake kwa katiba, alikuwa amechangia kila wiki tangu siku ya kwanza. Sanduku likafunguliwa. Baadhi yenu mlikuwapo. Ndani ya mfuko kulikuwa na shilingi elfu kumi na moja.

Tulichangishana pale pale, mwenye elfu mbili, mwenye elfu tano. Jirani akatoa pikipiki. Mtoto akafikishwa hospitali, na kwa rehema za Mungu alipona. Lakini yule mama aliniangalia, hakusema neno. Angenitukana ningepata nafuu.

Mashine nayo ilifungwa mwezi wa sita, inang'aa. Alizeti zimejaa kila nyumba, bei iko chini, na sisi hatuna hata shilingi ya kununua gunia moja. Tulikuwa na banda zuri kuliko yote kijijini, na ndani yake hakuna kazi. Nikakumbuka reli ya Nachingwea. Wanachama wanne wakaondoka mwezi ule, na siwezi kuwalaumu.

KUFUATILIA NI KUHESABU KITU

Mwenyekiti alisimamisha kila kitu kwa wiki mbili, tukakaa. Tuligundua kwamba kwa miezi yote ile hatukuwa tunafuatilia mradi. Tulikuwa tunausikiliza. Kila mkutano ninyi mliuliza, "Banda vipi?" Mimi nikajibu, "Linaendelea vizuri." Mkapiga makofi. Neno "vizuri" haliwezi kuandikwa katika hesabu.

Tangu siku ile tuna daftari la mradi lenye safu tatu: tulichopanga, kilichofanyika, tofauti. Kila wiki linasomwa kabla ya kununua hisa, wakati kila mtu yupo. Anayepima kazi si yule anayeshika fedha. Na tunapima kwa vitu vinavyohesabika kwa macho. Tunahesabu kozi za tofali, mifuko ya saruji iliyobaki stoo, na bati zilizokwisha kupigiliwa.

Nitoe mfano wa namba nyepesi. Tuseme kuta zimepangiwa sh. 1,600,000 kwa kozi 12. Fundi anakwambia, "Mama, tumefika nusu." Nenda ukahesabu. Kweli zipo kozi 6, nusu ya kazi. Kazi hiyo kwa mpango wetu ina thamani ya sh. 800,000. Fungua sasa risiti. Zimetumika sh. 1,000,000. Maana yake, kazi ya shilingi nne tunailipia shilingi tano. Tukiendelea hivyo, kuta zitakwisha kwa sh. 2,000,000, na upungufu wa sh. 400,000 unatungoja mbele. Hesabu hii mtoto wa darasa la tano anaiweza. Faida yake ni kwamba unaliona shimo ukiwa bado na fedha mkononi, unaweza kuchagua. Ukisubiri kozi ya 12, hakuna tena cha kuchagua.

Halafu angalieni na tarehe. Kama kozi 6 zilipaswa kufikiwa kwa wiki moja na zimefikiwa kwa wiki mbili, banda litakosa msimu. Kwa mradi wa alizeti kukosa mavuno ni kukosa mwaka mzima, kwa sababu wakati wa kununua kwa bei nafuu ni ule mfupi tu.

KUDHIBITI NI KUULIZA KABLA YA "SAWA FUNDI"

Neno lile, "sawa fundi, endelea", tumelipiga marufuku. Leo mtu yeyote akitaka kubadili kitu, mwanachama au fundi au kiongozi, ukurasa mmoja unajazwa katika daftari la mabadiliko. Maswali ni sita:

1. Tunataka kubadili nini hasa?
2. Kwa nini? Tusipobadili itakuwaje?
3. Itagharimu kiasi gani, na fedha hiyo inatoka mstari upi?
4. Itachelewesha kazi kwa siku ngapi?
5. Kitu gani kingine kitaguswa?
6. Nani ameidhinisha, tarehe gani, saini ziko wapi?

Swali la tatu na la tano ndiyo yenye dawa. Turudi kwenye chumba cha magunia. Tungeulizwa siku ile, "Chumba hiki kinatoka kwenye mtaji wa alizeti, mnakubali mashine isimame msimu mzima?", hata wale wenzetu wawili waliokileta wangesema hapana. Hatukuulizwa. Tuliulizwa tu kama chumba ni kizuri. Chumba ni kizuri, nani atakataa? Msingi wa kwenda chini tungeukubali, kwa sababu nyumba ikipasuka hakuna mradi. Chumba tungekiahirisha, na mlango wa chuma tungeununua kwa faida ya msimu wa kwanza.

Tumeweka pia mipaka ya mamlaka. Badiliko lisilozidi sh. 50,000 linaamuliwa na kamati kwa saini tatu, na linasomwa mkutano unaofuata. Linalozidi hapo linaletwa kwenye mkutano wa wiki. Linalogusa lengo la mradi, au linalozidi akiba ya dharura, ni la mkutano mkuu kwa theluthi mbili. Mtu mmoja peke yake, hata awe Mwenyekiti, hana badiliko lake. Fundi ameandikiwa hivyo katika mkataba: kazi ya nyongeza isiyo na karatasi yenye saini hailipwi. Mwanzoni alinuna. Sasa anasifu, kwa sababu na yeye amepona na watu kumi wanaomwagiza mambo kumi.

Akiba ya dharura ni sehemu moja ya kumi ya makisio yote. Inatengwa mwanzo, inaandikwa mstari wake, na haitumiki kwa mapambo. Na mfuko wa jamii hauguswi na mradi wowote, kwa mkopo wala kwa kuazima, hata kwa saa moja.

Kuna jambo moja ambalo haliingii katika safu za daftari. Anayeleta habari mbaya mapema asigombezwe. Nikijichunguza, kwa nini sikuwaambia mtaji unakwisha? Niliogopa nyuso zenu. Nilijua nitaambiwa, "Tulikupa kazi umeshindwa." Nikaificha habari nikitumaini mambo yatajirekebisha. Hayajirekebishi. Kikundi kinachomfokea mtu aliyesema kweli siku ya kwanza kitapata habari hizo siku ya mwisho, na zitakuwa zimekua.

BADILIKO LILILOTUOKOA

Msije mkadhani nimekuja kuyasema vibaya mabadiliko. Badiliko la kwanza kuandikwa katika daftari lile ndilo lililoliokoa banda.

Tulikuwa na mashine, hatuna mtaji. Mpango wetu ulikuwa kununua alizeti, kukamua, kuuza mafuta. Mwenzetu mmoja, ambaye shuleni hakufika mbali, akanyosha mkono akauliza, "Kwani lazima alizeti ziwe zetu?" Tukanyamaza. Akasema tuwakamulie wakulima alizeti zao kwa malipo. Mtu analeta magunia yake, anaondoka na mafuta yake. Asiye na fedha taslimu atuachie mashudu, sisi tuwauzie wafugaji.

Tulijaza ukurasa. Tunabadili nini? Kutoka kununua kwenda kukamulia watu. Kwa nini? Hatuna mtaji na mavuno yanapita. Gharama? Mizani na luku ya kuanzia tu. Kitaguswa nini? Faida kwa kila gunia itakuwa ndogo kuliko tulivyokisia, na lengo la kila mwanachama kupata mafuta ya bei nafuu litasubiri. Hilo la mwisho liliandikwa wazi, likasomwa kwa sauti, watu wakabishana mpaka jua likatua. Kisha tukapiga kura. Zaidi ya theluthi mbili wakakubali, wakajua wanachokubali na wanachokiacha.

Fedha ya kwanza kabisa iliyotoka katika mashine ile ilirudisha sh. 300,000 za mfuko wa jamii, kabla ya mtu yeyote kulipwa posho. Msimu uliofuata tukaanza kununua alizeti zetu kidogo kidogo. Kati ya wale wanne walioondoka, wawili wamerudi, na leo wako humu ndani. (Makofi) Na yule mama ambaye mtoto wake aliugua, mkutano ulimchagua awe mtunzaji wa daftari la mabadiliko. Nilipomkabidhi aliniambia, "Mwalimu, mimi sitakuwa na huruma na kalamu." Nikamwambia ndivyo tunavyotaka.

HITIMISHO NA MAOMBI

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu zangu, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo tumeukuta, tumezoea kuusema tukifikiria dukani. Mimi naongeza: na mradi nao ni mali. Nina maombi matatu, nami nitaketi.

Kwa wanachama wenzangu. Mwaka huu tunazungumzia kujenga tenki la kuvunia maji ya mvua. Naomba kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kununuliwa, mambo matatu yaingie katika katiba badala ya kubaki katika mazoea yetu: akiba ya dharura, mipaka ya kuidhinisha mabadiliko, na marufuku ya kugusa mfuko wa jamii. Mazoea yanakwenda na watu. Sisi tuliolia mwaka ule tutazeeka, na atakayekuja hatajua kwa nini tulikuwa wakali.

Kwa mafundi na wataalamu wetu. Endeleeni kutuambia ukweli mnaouona ardhini, kama yule aliyesema udongo hautufai. Ila mtuambie na bei yake, na mtupe siku ya kukaa na kuamua.

Kwa ninyi mnaotusaidia. Mnapokuja kukagua, msiridhike na picha ya jengo na nyimbo zetu, ingawa nyimbo tutaimba. Ombeni daftari la mabadiliko mlisome. Mkikuta tumebadili mpango kwa utaratibu, msitukasirikie. Kikundi kinachoogopa kumwambia mfadhili kwamba makisio yalikosea kitamwandikia taarifa nzuri mpaka siku banda litakaposimama bila kazi.

Leo jioni mkitoka hapa, piteni bandani. Mtaona chumba kile cha magunia, kimejaa mashudu, kinatufaa sana. Sijutii kwamba kipo. Ninachojutia ni kwamba tulikijenga bila kuulizana, na aliyekilipia bila kuambiwa alikuwa mtoto mgonjwa.

Mungu akibariki kikundi chetu.